Da Zuhura, Ruta ya Njia ya Matemwe Ilikataa Kuwaka

Da Zuhura,

Assalaam alaykum. Wanaume wakipita mavani huwasalimia nyinyi mliolala makaburini kule. Mimi mwanamke sikuwahi kufika, basi nakusalimia kutoka hapa ofisini Malindi, ghorofa ya tatu, dirisha liko wazi na kelele za bandarini zinaingia kama ulivyozizoea. Leo Ijumaa, wenzangu hawajafika. Nakuandikia kwa kalamu, maana kwenye kompyuta ningefuta kila sentensi.

Kuna jambo nililopaswa kukwambia ukiwa hai. Nafasi nilikuwa nazo nyingi. Siku ile nilipokuletea uji wodini nilikuwa nalo mdomoni kabisa, ukaniuliza kama mvua imenyesha, nikasema imenyesha. Basi. Nikachukua chupa yangu ya uji nikaondoka. Siku ya tatu yake nikapigiwa simu.

Nitalifikia. Kwanza nikupe habari za watu.

Mama yako hajambo. Nnakwenda kwake kila Jumapili baada ya alasiri, nakaa mpaka magharibi inakaribia. Nimemwekea maandishi makubwa kwenye simu yake, na sasa anatuma ujumbe kwa ndugu zako wote hata wasiotaka. Mwanzoni kila nikiingia alikuwa akinitazama mlangoni kama anangojea mtu wa pili nyuma yangu. Siku hizi anacheka. Amenisimulia ulivyoivunja redio ya baba yako ukiwa mdogo, ukaiunga tena, ikaimba vizuri, na skrubu tatu zikabaki mkononi. Huniuliza, "Ile kazi ya Zuhura ya kuzunguka na masanduku haijesha?" Namwambia inakaribia, mama.

Bwana Othman yupo, bado mkubwa wetu, bado anashuka ngazi kwa kushikilia kamba na kusema bismillahi kila kidato. Alikuwa hapendi tukitaja jina lako mbele yake. Sasa analitaja yeye mwenyewe, khasa akitaka kutukosoa.

Na kazi ni ile ile. Zahanati na vituo vya afya vilivyotawanyika Unguja, kila kimoja na ruta yake ukutani, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na mtandao, ili majibu ya damu yatoke maabara ya mjini yamfikie muuguzi bila mtu kupanda pikipiki na bahasha.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilikuja na cheti changu kwenye mfuko wa plastiki, nimevaa viatu vipya vilivyonichubua ngazi nzima. Hukukitazama cheti. Ulinipa ruta ya zamani na kebo, ukasema, "Iwashe, kisha usifanye kitu. Soma." Mistari ikapita upesi kwenye skrini. Ukaigusa skrini kwa kidole chenye hina. "Hapa. Mashine inapoamka, kabla haijafanya kazi yoyote, inaitazama programu yake yenyewe. Inaangalia kama ina saini ya walioiandika. Saini ikiwa siyo, haiamki."

Mimi nikauliza, kwa ujinga wangu, si afadhali iamke tu, watu wafanye kazi?

Hukunicheka. Ulisema, "Raya, majibu ya mama mja mzito yanapita humu. Unataka yapite mikononi mwa mtu usiyemjua?"

Nililielewa. Ndiyo maana nnaona haya zaidi. Nililielewa siku ya kwanza.

Sasa lile jambo.

Masika ya mwaka juzi, ulipokuwa Dar kwa matibabu ya figo, radi ilipiga upande wa kaskazini, na ruta ya zahanati ile ndogo iliyo kwenye njia ya Matemwe ikaharibika. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, programu yake ndiyo iliyoharibika. Ilikuwa inawasha taa moja nyekundu na kukaa hivyo hivyo. Bi Kazija, muuguzi mkuu wa pale, alinipigia mara nne asubuhi moja. Alikuwa na wanawake wawili wanaongojea majibu ya damu, na mtu wa pikipiki amekwama njiani kwa maji. Nakala halali ya programu ilikuwa lazima tuiombe kwa wakala wa mtengenezaji, na wakala akanijibu nisubiri siku tatu.

Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga. Nilitaka urudi ukute kila kitu kinakwenda, useme, Raya ameweza.

Nikamwendea mtu niliyesoma naye chuo, ana meza yake ya kutengeneza simu Darajani. Akanipa nakala kwenye flashi. "Ni ile ile," akaniambia, "imepunguzwa tu." Sikuuliza imepunguzwa nini. Nikaenda nayo hadi kwa Bi Kazija, nikachomeka kebo, nikaiingiza. Wallahi Da Zuhura, nilijua mashine itaikataa. Wewe ulinifundisha kwamba itaikataa. Nilijaribu tu kama mtu anavyosukuma mlango anaojua umefungwa.

Ikaikubali. Taa zote zikawa kijani. Majibu ya wale wanawake wawili yakaingia, Bi Kazija akanikumbatia, akanifungia kipande cha mkate wa kumimina nile njiani. Nikala, nikafurahi.

Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Kilichotakiwa kukataa kilikubali, nami nikafurahi.

Uliporudi ulikuwa umekonda, buibui linakuning'inia mabegani. Uliniuliza neno moja tu, "Nakala uliipata wapi?" Nikasema, "Kwa wakala." Ulinitazama kidogo. Ukasema, "Vyema," ukarudi kwenye chai yako. Nilijiambia umeamini.

Miezi ikapita. Siku lilipokuja lile tangazo la mtengenezaji, wewe ndiye uliyelisoma kwa sauti, umesimama dirishani. Imegunduliwa kasoro kwenye programu ya ruta za aina yetu. Mtu mwenye kebo na dakika chache mbele ya mashine, au mwenye neno la siri la msimamizi, anaweza kuiruka ile hatua ya kuangalia saini, akapandikiza programu yake mwenyewe, na mashine ikaamka nayo kana kwamba hakuna kitu. Dawa yake ni sehemu mpya ya programu, ile inayoangalia saini, na kwa mashine zetu ilibidi mtu aende kwa miguu yake, aiweke moja moja, akae aone inavyowaka.

Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipo. Nikajua kwa nini ruta ya Bi Kazija iliikubali ile nakala ya Darajani.

Wakubwa wa juu walisema hatari ni ndogo, mhalifu lazima awe mbele ya mashine. Nakumbuka ulivyojibu, "Mashine zetu ziko kwenye kumbi wanamongojea wagonjwa. Nani hayuko mbele yake?" Ukaanza kuzunguka. Bwejuu kwanza, kisha kituo baada ya kituo, miguu imevimba mpaka ukawa unavaa makubadhi ya kaka yako. Ulikuwa unarudi mchana umejaa vumbi, unakaa, unaandika kwenye daftari. Ruta thelathini na moja. Uliwahi kumi na tisa.

Halafu wodi. Halafu uji. Halafu

Nisamehe. Niliiacha kalamu nikaenda kunawa uso.

Baada ya hitima Bwana Othman alinikabidhi daftari lako niendeleze. Kila ruta ina mstari wake: siku, nani alikuwepo, iliwaka vipi. Zile ambazo hujazifikia umeandika jina tu la mahali. Isipokuwa ile ya njia ya Matemwe. Hapo umeandika, "Hii aende Raya mwenyewe."

Sijui nimeusoma mstari huo mara ngapi. Huenda ulimaanisha njia ile ni mbovu na miguu yako imekushinda. Huenda ulijua tangu siku ile ya chai, ukanipa muda nije mwenyewe, nami nikauchezea muda mpaka ukakwisha. Mama yako nilimwonesha, akasema tu, "Zuhura alikuwa haandiki neno bure."

Nilitaka iwe ya mwisho. Nilikwenda kwengine kwanza, nikijipa sababu, leo mvua, leo gari halipo. Miezi mitatu. Mwisho zikabaki mbili, ya Kidichi na hiyo, na sababu zikaniishia.

Nikafika asubuhi, Bi Kazija ananifungulia mlango huku anaita namba za wagonjwa. "Karibu mwanangu. Pole na Zuhura. Bado tunamtaja hapa." Nikampa shikamoo nikageukia ukutani haraka asinione uso. Nikaweka sehemu mpya ile inayosimamia saini, kama ulivyoiandika kwenye daftari, hatua kwa hatua, nikaizima, nikaiwasha, nikasoma.

Ikafika kwenye saini ikasimama. Ikaandika kwamba programu iliyomo haina saini inayotambulika. Ikakataa kuwaka.

Ukumbi umejaa akina mama na watoto. Kompyuta ya Bi Kazija ikakatikiwa na mtandao. Akatoa kichwa mlangoni, "Raya, mbona umetuzimia?" Nikamwambia anipe nusu saa. Mashine ya akiba ilikuwa kwenye begi, kwa sababu ulikuwa hutuachii kutoka mjini bila ya akiba. Nikaifunga ukutani, nikaiwasha, nikakaa naye mpaka majibu yakaanza kuingia tena. Hakuna mgonjwa aliyerudishwa. Hilo nnataka ulijue mapema usije ukawa na wasiwasi.

Adhuhuri ilipoingia Bi Kazija akaenda kuswali. Ukumbi ukatulia. Nikabaki peke yangu, ile ruta iliyokataa ipo mapajani, na programu halali ipo kwenye kompyuta yangu. Dakika kumi zingetosha, Da Zuhura. Ningeifuta ile ya Darajani, nikaweka ya halali, ikawaka kama nyenzake, nikaandika kwenye daftari "iliwaka vizuri". Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilichomeka kebo. Nilikuwa nshaandika amri yenyewe, bado kubonyeza tu.

Sitakwambia niliisikia sauti yako, maana sikuisikia. Nilichosikia ni mwanamke mmoja aliyebaki kwenye benchi, anamwambia mwenzake kwamba majibu yake hataki mtu ayajue, hata mama mkwe, mpaka yeye mwenyewe aamue. Alisema kwa sauti ndogo na mimi nilikuwa karibu tu. Nikachomoa kebo. Nikaizungushia ruta mtandio wangu wa akiba, nikaitia begini, nikarudi mjini.

Bwana Othman alikuwa anafunga makabati. Nikaiweka juu ya meza nikamwambia yote, tangu radi mpaka flashi mpaka uongo niliokwambia wewe. Akafunga kabati la mwisho. Kisha akauliza, "Zuhura alijua?" Nikasema sijui. Akasema, "Kaa chini. Ungeniletea mwaka juzi ningekufukuza kwa ajili ya flashi. Leo nnataka kukufukuza kwa ajili ya uongo, lakini umeniletea mashine haijaguswa, na hiyo ndiyo itakayotwambia kilichomo."

Na kweli ilitwambia. Waliifungua wataalamu wa ofisi kuu, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Ndani mlikuwa na jina moja la kuingilia ambalo si letu. Mtu yeyote anayelijua angeweza kuingia kwenye ruta ile kutoka mbali na kukaa humo. Kumbukumbu za mashine zinarudi nyuma wiki chache tu, na katika wiki hizo hakuna aliyeingia. Kabla ya hapo hatujui. Nimelitafuta jibu la kabla ya hapo kila mahali, na nimeambiwa na wanaojua kwamba sitalipata. Kitu kimoja kilinipa pumzi. Majibu ya maabara yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo wake mwengine kabla hayajaingia kwenye ruta, ile kazi ya ziada uliyoipigania mwaka wa kwanza wakati sisi sote tulisema unatuchosha. Aliyeingia, kama aliingia, angeyaona yanapita lakini asingeyasoma.

Uliwalinda wagonjwa, Da Zuhura. Hata kutokana na mimi.

Yule wa Darajani tulimwita. Akaapa hakujua, naye alipewa. Nakala ile ile alikuwa ameshampa fundi mwengine, wa hoteli moja, tukaenda tukaitoa na hiyo. Nilipewa barua ya onyo, nikanyang'anywa funguo na maneno ya siri kwa miezi sita. Nilikuwa nakuja ofisini kufanya kazi za karatasi na kupanga kebo kwa urefu. Nilidhani nitaona aibu mpaka nife. Ajabu yake, ndiyo miezi niliyolala vizuri kuliko yote tangu masika yale.

Kabla ya hayo nilirudi kwa Bi Kazija kumwambia mwenyewe. Bwana Othman alitaka kuandika barua, nikamwomba anitangulize mimi. Bi Kazija alinisikiliza amefumbata mikono. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. "Wanawake wananiambia mimi mambo wasiyowaambia waume zao," akasema. "Na wewe umetia mgeni ndani ya nyumba yangu." Nikalia, akaniacha nilie. Hakuniletea maji. Kisha akavuta kiti, akakiweka mbele ya ruta mpya, akakaa. "Kuanzia leo hakuna atakayeigusa hii mimi sipo hapa. Sasa nifundishe. Unasoma nini pale inapowaka?"

Basi nikamfundisha. Iwashe, usifanye kitu, soma. Alivaa miwani yake, akafuatisha mistari kwa kalamu mpaka akaikuta yenyewe. Mara ya tatu aliipata kabla yangu. Ruta ikizimika kwa umeme sasa, yeye huisoma, kisha hunitumia ujumbe: "Saini ipo." Maneno mawili tu, bila salamu. Nadhani bado ana kinyongo kidogo. Lakini anatuma.

Nikamsimulia Bwana Othman habari za kiti cha Bi Kazija, naye akakifanya kuwa utaratibu wa vituo vyote. Kila ruta ina mtu wa pale pale anayejua kuisoma inapoamka, na fundi haiwashi peke yake. Bwejuu ni mtu wa dawa, kijana mpole, kaandika hatua zote ukutani kwa wino mwekundu. Sehemu nyengine ni mfagizi, mama mtu mzima, na ndiye makini kuliko wote. Ulikuwa unasema siku zote kwamba sisi mafundi wachache hatutoshi. Sasa tumekuwa wengi, na wengi wao hawana cheti.

Funguo zangu nimerudishiwa. Na nimepewa wanafunzi wawili, wasichana, wametoka skuli mwaka huu. Wananiita Da Raya. Mara ya kwanza kusikia niligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Juzi nimewapeleka Kidichi kwenye ruta ile ya mwisho kabisa, iliyokuwa imezimwa muda wote niliokuwa sina funguo. Njia nzima imejaa harufu ya karafuu zinazoanikwa, na Mwanakombo, mmoja wao, anauliza maswali bila kupumua. Nikamwachia yeye aweke programu, muuguzi kakaa kwenye kiti chake, mimi nimesimama nyuma. Iliwaka vizuri, saini ipo, tukapiga makofi kama watoto. Nikaandika kwenye daftari lako mstari wa thelathini na moja.

Tulipofika mjini, bado hatujapanda ngazi, Mwanakombo akanishika mkono. Alikuwa amebadilika rangi. "Da Raya, nimekosea. Neno la siri nimeliandika kwenye karatasi, na karatasi nimeisahau juu ya meza kule." Nusu saa na zaidi ilikuwa imepita, na njia nzima alikuwa anaogopa kuniambia, nilimwona ndani ya gari alivyonyamaza ghafla.

Nilitaka kumgombeza, sikufichi. Kisha nikamwambia ahsante. Nikamwambia tena. Tukapanda, nikampigia muuguzi akaichana karatasi, nikamkalisha Mwanakombo kwenye kompyuta akalibadilisha neno lile yeye mwenyewe, nikamwagizia chai na kachori. Nikamsimulia habari za flashi ya Darajani, mwanzo mpaka mwisho, na nilivyokwambia uongo. Alisikiliza mdomo wazi, kachori imempoa mkononi. Akaniuliza kama ulinisamehe.

Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Da Zuhura, nilikudanganya. Nakala sikuipata kwa wakala. Nakuomba radhi. Nimechelewa, najua, na huwezi kunijibu, nami sitajitungia jibu lako. Nakuombea kwa Mola akupe nafasi na nuru huko uliko, akulipe kwa kila hatua uliyotembea na miguu ile iliyovimba. Nitakusomea Yasini leo baada ya swala.

Kazi ya masanduku imekwisha, Jumapili nitamwambia mama yako. Tangazo jengine litakuja, hayaishi, na tutazunguka upya, mimi na hawa wasichana na wote wanaokaa kwenye viti vile. Nakuahidi kitu kimoja tu, maana vyengine siviwezi: nikikosea tena, nitasema siku ile ile, kwa mtu aliye hai, anayeweza kunigombeza.

Nasikia viatu vya wasichana kwenye ngazi. Wanabishana. Buriani, dada yangu.

Mwanafunzi wako,
Raya